Kuuza mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili, kuanzia laini ya simu hadi mzigo kumfikia mteja

Mteja aliyeko Dar es Salaam akiona picha ya korosho zako, hakujui. Hajawahi kufika Newala, na kama yeye mwenyewe hajatapeliwa mtandaoni, basi ana ndugu aliyetapeliwa. Kabla hajatoa hela anataka kujua mambo matano: wewe ni nani, uko wapi, bei ni kiasi gani, mzigo upo kweli, na utamfikiaje. Hatua zote zilizomo humu zinajibu moja kati ya hayo matano. Ukurasa wenye wafuasi 300 unaoyajibu yote una faida kuliko wenye wafuasi 20,000 unaojibu mawili.

Tunaandika tukimfikiria mkaangaji wa korosho, mchonga vinyago, mama lishe wa sokoni, mwenye nyumba ya wageni Kilwa Masoko, fundi wa aluminiamu wa Lindi mjini na mkulima wa ufuta wa Nachingwea. Mtaji unaohitajika ni simu janja yoyote yenye kamera inayoona vizuri, bando, mizani ya jikoni, kitambaa cheupe na daftari.

Chagua mtandao kwa kumtazama mteja

Mauzo hufungwa WhatsApp. Facebook, Instagram na TikTok ni njia za kumleta mteja hapo. Kwa hiyo WhatsApp ya biashara inakuja kwanza kwa kila mtu, kisha unaongeza mtandao mmoja tu wa kuoneshea bidhaa. Anayefungua kurasa nne kwa siku moja, baada ya miezi miwili ana kurasa nne zilizolala, na ukurasa ambao posti yake ya mwisho ni ya Idi ya mwaka jana unamwambia mteja kwamba duka limefungwa.

Ukiwauzia watu wa hapahapa mkoani (chakula, bati, ufundi, vyumba vya kupanga), chukua Facebook, kwa sababu ndiko kwenye vikundi vya wilaya na mitaa na ndiko watu wazima walipo. Ukiuza vitu vinavyofungashwa na kusafirishwa, au zawadi na nguo, chukua Instagram. Wanunuzi wako wengi watakuwa Dar, Dodoma na Arusha. Kazi inayovutia inapotendeka mbele ya macho, kama kuchonga, kukaanga, kushona au kuchomelea geti, ina nafasi nzuri zaidi TikTok, maana kule video ya mtu asiye na wafuasi hata mmoja huweza kufika mbali ikiwa watu wanaitazama hadi mwisho. Na mwenye mahali pa kufikiwa, yaani hoteli, mgahawa, gereji au saluni, ajiandikishe kwenye ramani ya Google kabla ya hayo yote. Ni bure, na mgeni anayeshuka Kilwa Masoko jioni hufungua ramani kwanza.

X (zamani Twitter) tuiache. Mei 2025 ilifungiwa hapa nchini, na wateja wadogo wadogo wa Kusini hawakuwa kule hata kabla ya hapo.

Laini, jina na WhatsApp

Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Nunua laini ya biashara na uisajili kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usitumie laini ya shemeji. Mteja akituma pesa anaona jina la mwenye laini. Likitofautiana na jina la ukurasa, anasita au anaghairi. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

2. Omba lipa namba kwa wakala wa mtandao wako wa simu. Hapo linatokea jina la biashara, na hela ya biashara haichanganyiki na ya nyumbani.

3. Pakua WhatsApp Business. Ni bure. Inakaa simu moja na WhatsApp ya kawaida, ila kila moja inataka namba yake.

4. Jina liwe na kazi na mahali: “Korosho za Kukaanga – Newala”, “Fundi Aluminiamu Lindi Mjini”. Jina la Kiingereza lenye “Enterprises” mwishoni halimwambii mtu unauza nini wala uko wapi.

5. Jaza wasifu: saa za kazi, eneo kwenye ramani, na mistari miwili ya maelezo. Usiandike “tunauza bidhaa bora kwa bei nafuu”. Kila mtu anaandika hivyo. Andika unachouza, kwa kipimo gani, na unatuma hadi wapi.

6. Weka bidhaa 5 hadi 8 kwenye katalogi, kila moja na picha, uzito na bei. Programu inaruhusu hadi 500, lakini mteja hasomi zaidi ya chache.

7. Andika salamu ya kujiendesha na majibu ya haraka matatu: bei, jinsi ya kulipa, jinsi ya kutuma. Jibu la haraka linaitwa kwa alama ya mkwaju (/) ikifuatiwa na neno ulilochagua. Ukiandika /bei, orodha yote inajitokeza, na umeokoa dakika tatu kwa kila mteja.

8. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti na uweke PIN ya tarakimu 6. Fanya hili siku hiyohiyo.

9. Tengeneza kiungo cha wa.me. Andika wa.me/255 kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi. Kiweke kwenye wasifu wa Instagram, TikTok au Facebook. Mteja akikigusa anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo nawe. Kosa linalorudiwa sana ni kuibakiza ile sifuri (2550…), na kiungo hakifunguki. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Facebook, fungua ukurasa, usitumie akaunti yako binafsi. Akaunti binafsi inaishia marafiki 5,000, haikuoneshi takwimu za biashara, na mteja anaanza kuona picha za harusi ya binamu yako. Weka mtu wa pili unayemwamini kuwa msimamizi, ili simu yako ikiibwa ukurasa usipotee nayo.

Picha na video: hapa ndipo pa kutumia muda

Kwanza futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu inayoshikwa jikoni au gereji ina mafuta kwenye kioo, na ndiyo sababu picha nyingi zinatoka na ukungu huku mtu akilaumu simu.

Jua letu ni kali. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri picha za nje zinapata vivuli vyeusi na rangi zilizopauka. Piga saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Ukilazimika kupiga mchana, ingia ndani, weka bidhaa karibu na mlango au dirisha, uzime taa, na upande usio na mwanga usimamishe karatasi nyeupe au kipande cha kitambaa ili mwanga urudi. Usitumie flashi kwa chakula. Inakifanya kionekane kina grisi.

Tandika kitu kimoja chini ya bidhaa: kitambaa cheupe, mkeka wa ukili au ubao mkavu. Kanga yenye maua mengi inapigana na bidhaa. Piga picha nne kwa kila kitu: kizima, kwa karibu sana, kikiwa mkononi ili ukubwa uonekane, na kikiwa kwenye mizani. Hiyo ya mizani ndiyo inayoachwa na wengi, nayo ndiyo inayouza. Picha ya mfuko wa korosho juu ya mizani iliyoandika 500 inajibu shaka ya mteja kuliko maneno.

Ukiuza korosho, onesha punje wazi, si mfuko tu. Wanunuzi wakubwa wanajua madaraja: W320 maana yake ni punje nyeupe nzima, 300 hadi 320 katika ratili moja (gramu 454), W240 ni kubwa zaidi, 220 hadi 240 kwa ratili. Kama zako hazijapangwa kwa madaraja, usiandike herufi hizo. Andika “nzima, saizi ya kati” na uoneshe kumi mkononi. Zenye vipande uza kama vipande, kwa bei yake. Kuna watengeneza keki wanaozitafuta hizohizo.

Video iwe wima, sekunde 15 hadi 30. Katika sekunde tatu za mwanzo kionekane kitu kikitendeka: punje zikigeuzwa kwenye kikaango, patasi ikiingia kwenye mti, mvuke ukitoka kwenye sufuria ya ming’oko. Usianze na uso wako ukisema “habari zenu wapendwa”, mtazamaji ameshapita. Maneno muhimu na bei yaandikwe juu ya video, kwa sababu wengi hutazama bila sauti. Ukirekodi ufukweni Shangani au Msimbati, upepo unaua sauti: geuza mgongo upande unaotoka upepo, au rekodi sauti baadaye ndani.

Mchonga vinyago ana silaha ya pekee. Mnunuzi wa mbali anaogopa kuuziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Chukua kipande kilichobaki cha mti uleule, kikwangue kwa kisu mbele ya kamera ili weusi wa ndani uonekane, kisha kidumbukize kwenye ndoo ya maji. Mpingo mkavu ni mzito kuliko maji. Unazama moja kwa moja hadi chini, wakati miti mingi ya kupakwa inaelea. Video ya namna hiyo ya sekunde 20, ikifuatiwa na kinyago chenyewe, urefu kwa sentimita, uzito kwa kilo na bei, haihitaji maelezo mengine.

Usichukue picha za watu wengine mtandaoni na kuziweka kama zako. Mteja anaweza kuitafuta picha akaikuta imetoka India, na hapo umepoteza hata wale waliokuwa wanakuamini.

Andika bei

Katika makosa yote, hili ndilo linalogharimu watu zaidi, kwa hiyo tulizungumze kwa kirefu. Posti inasema “bei njoo inboksi”. Mteja hana bando la kuchezea, hana hamu ya kubembelezana, na ameshaishi muda wa kutosha kujua kuna bei ya mgeni na bei ya mwenyeji. Anaposoma “inboksi” anasikia “nikuangalie kwanza ndipo nikupangie”. Anapita.

Wauzaji wanatoa sababu tatu. Ya kwanza, wapinzani wataiona bei. Wataiona hata hivyo; wanatuma mtu aulize. Ya pili, bei inabadilika. Basi andika tarehe: “bei ya wiki hii, hadi Jumapili”. Ya tatu, kila kazi ina bei yake, kama geti au kabati. Hapo andika kuanzia: “dirisha la futi 4 kwa 4 kuanzia sh. …, bei kamili baada ya kupima”. Mteja anajua yuko kwenye uwezo wake au hayuko, nawe hupotezi asubuhi nzima ukimjibu mtu mwenye robo ya hela.

Posti iliyokamilika haizidi mistari sita. Kwa bei za mfano:

Korosho za kukaanga, nzima, chumvi kidogo. Zimekaangwa jana.
Nusu kilo sh. 13,000. Kilo moja sh. 25,000.
Tupo Mikindani, Mtwara. Tunafungua kila siku saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.
Dar tunatuma kwa basi, mzigo unaondoka kila Jumanne na Ijumaa.
Lipia kwa lipa namba, jina litakalotokea ni la duka.
Gusa kiungo kwenye wasifu uagize WhatsApp.

Alama za reli (#) tatu hadi tano zinatosha, na moja iwe ya mahali. Thelathini zinaonekana kama uchafu.

Kujibu

Mtu anayeuliza saa hii anauliza na kwa wengine wawili, na wa kwanza kujibu kwa ukamilifu ndiye anayechukua. Usijibu “zipo” halafu ukanyamaza. Kila jibu liwe na taarifa na swali linalomsogeza mteja mbele:

– Habari yako dada, korosho bado zipo?
– Nzuri kaka, karibu. Zipo, zimekaangwa jana. Nusu kilo 13,000, kilo 25,000. Uko wapi nikupe na gharama ya kusafirisha?

Akiomba kupunguziwa, usimkasirikie na usishushe ovyo. Mpe sababu ya kupunguza: “Ukichukua kilo tatu, usafiri juu yangu.” Akisema atarudi, mwekee lebo ya rangi kwenye WhatsApp (mpya, anasubiri kulipa, amelipa, ametumiwa) na umkumbushe mara moja baada ya siku mbili. Ukimkumbusha mara tano atakuzuia.

Komenti ya lawama jibu hadharani, kwa upole, kisha maliza faragha: “Pole sana mama, mzigo wako umechelewa kwa sababu ya gari. Nimekuandikia WhatsApp tumalize.” Usiifute. Wanaosoma wanapima namna unavyomtendea mtu aliyekasirika.

Stetasi ya WhatsApp ndiyo tangazo la bei rahisi kuliko yote, lakini inaonekana tu pale ambapo mteja ameihifadhi namba yako nawe umeihifadhi yake. Hali kadhalika orodha ya kutangazia, ambayo inachukua hadi watu 256 na haimfikii asiyekuhifadhi. Kwa hiyo kila mauzo yakikamilika, omba: “Nihifadhi kwa jina la duka, uone mzigo mpya ukiingia.” Stetasi tatu kwa siku zinatosha. Zikifika ishirini, watu wanakunyamazisha.

Malipo na stendi

Vitu vidogo vilipwe vyote kabla ya kutumwa. Kazi ya kupima, kama samani, nguo na aluminiamu, chukua nusu, nyingine wakati wa kukabidhi. Mteja wa mara ya kwanza akiogopa, mpigie kwa video, mpimie mzigo akiuona, ufunge mfuko na kuandika jina lake juu yake. Dakika mbili hizo zinamaliza hofu ya wengi. Kama una ndugu Dar, mteja aweza kukabidhiwa naye mkono kwa mkono.

Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa muamala. Picha ya skrini inatengenezwa, na ujumbe wa kughushi unaweza kutumwa kutoka namba ya kawaida ukiwa umeandikwa sawasawa na ule halisi. Angalia salio lako kwenye menyu ya simu yako mwenyewe. Kama hela haipo kwenye salio, haijaja, hata mteja apaze sauti namna gani. Na anayesema “nimekosea nikakutumia zaidi, nirudishie” mwelekeze apige huduma kwa wateja wa mtandao wake.

Kufunga: korosho, chumvi na samaki wakavu wanaharibiwa na unyevu. Tumia mfuko mzito wenye zipu au uliobanwa kwa mashine ya moto, kisha boksi, kisha gundi ya karatasi pande zote. Korosho zikifungwa bado zina joto, mvuke unabaki ndani na zinalegea kabla hazijafika; ziache zipoe kabisa. Samaki wabichi usiwatume kwa basi kwa mteja mpya hata akubembeleze. Barafu ikiyeyuka njiani, lawama na harufu vyote vinarudi kwako.

Muulize mteja anachukulia wapi, Mbagala au stendi ya Magufuli kule Mbezi. Ni mbali sana baina ya hizo mbili, na mabasi ya Kusini hupita Mbagala kwanza. Kisha mtumie vitu vinne kwa pamoja: picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba ya gari, namba ya simu ya kondakta au ofisi, na saa linapotarajiwa kufika. Gharama ya usafiri itajwe kabla ya malipo. Sh. 5,000 inayotokea ghafla mwishoni huvunja biashara ya sh. 25,000.

Kalenda ya Kusini

Fedha ya mikoa hii ina majira, na ukurasa wako uende nayo. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kuanzia hapo hadi karibu Januari wakulima wanalipwa benki. Huo ndio wakati wa bati, saruji, pikipiki, samani, simu na solari. Anayeanza kuposti Oktoba amechelewa. Mtu anaamua atajenga nini Agosti na Septemba, wakati anahesabu mikorosho yake. Anza kuonesha kazi zako Agosti, zenye bei. Ufuta unaleta hela yake katikati ya mwaka, mbaazi baadaye kidogo, na hizo zinawahusu zaidi wauzaji wa Lindi, Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Masika na kifuku hela ni chache na barabara za vijijini mbaya. Huo ndio wakati wa kuwauzia walio Dar na wenye mishahara, wala si wa kulipia matangazo ya vijijini.

Onyo moja kubwa: usitumie mtandao kununua au kutangaza korosho ghafi nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Hiyo ni kangomba, ni kosa, na posti yako ni ushahidi ulioutengeneza mwenyewe. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa ni biashara nyingine. Kwa vyakula vya kufungasha, pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo), ina ofisi Mtwara na Lindi, ikuelekeze hadi TBS (shirika la viwango). Ukishapata alama ya ubora, ionekane kwenye picha.

Kulipia tangazo

Usilipie tangazo kabla posti ya bure haijauza walau mara chache. Tangazo linakuza kilichopo. Likikuza picha mbaya isiyo na bei, unalipa watu wakupite kwa wingi zaidi. Chagua posti iliyokwisha kuleta maswali mengi yenyewe, kisha uilipie.

Kwenye Facebook na Instagram chagua lengo la kuleta ujumbe WhatsApp, si kupendwa posti. Eneo chagua kwa mji: fundi wa Lindi atangaze Lindi na Mtwara tu, mkaangaji korosho atangaze Dar. Ukiacha “Tanzania nzima”, hela inaishia Mwanza kwa mtu ambaye huwezi kumfikishia mzigo. Malipo yanataka kadi ya benki au ile kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya mitandao ya simu. Weka kadi yenye kiasi unachokubali kutumia tu, na tarehe ya kuisha.

Jaribu sh. 5,000 kwa siku, siku 5. Tuseme umetumia sh. 25,000, ukapata watu 20 walioandika na 4 walionunua. Kila ujumbe umekugharimu sh. 1,250 na kila mnunuzi sh. 6,250. Kama faida yako kwa kilo ni sh. 3,000 na kila mmoja amechukua kilo moja, umepata hasara ya sh. 13,000, hata kama simu ililia siku nzima ukajiona una biashara. Rekebisha kwa kuuza kifurushi cha kilo tatu, au hakikisha hao wanne wamekuhifadhi na wananunua tena mwezi ujao. Zima tangazo mzigo ukiisha.

Anayeuza ujuzi, na mkulima

Fundi, mshonaji, mpishi na mpiga picha wanauza kabla na baada: picha mbili za mahali palepale, pembe ileile, pamoja na siku zilizotumika na gharama. Omba ruhusa ya mwenye nyumba. Picha za jando na unyago usiziweke kabisa bila idhini ya wazazi na ya nyakanga au kungwi. Yanayofanyika ndani si ya hadhara, na watoto wale watakuwa watu wazima huku picha bado ipo. Onesha mapambo, chakula na ngoma ya nje baada ya kuruhusiwa.

Mwongoza wageni wa Kilwa au Mikindani aandike yale yanayomsumbua mgeni: kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, kwamba kibali kinachukuliwa kabla ya kuvuka, boti ni bei gani kwa watu wangapi, na maji yanajaa na kupwa saa ngapi siku hiyo. Atakayeandika jedwali la maji la wiki kila Jumapili atafuatwa na hoteli na wavuvi pia. Mgeni akishuka botini na kuridhika, hapohapo mwombe aandike maoni yake kwenye ramani ya Google. Akifika Dar ameshasahau.

Kwa mkulima faida ya kwanza ni habari. Picha za bei za mnada zinasambaa kwenye makundi dakika chache baada ya mnada, na nyingine ni za mwaka jana. Kabla hujafurahi au kukasirika, tafuta vitu vinne kwenye picha: tarehe, jina la chama kikuu cha ushirika, ghala, na daraja la zao. Kimoja kikikosekana, muulize katibu wa AMCOS yako (chama cha ushirika cha msingi). Ushauri wa dawa na salfa utoke kwa ofisa ugani au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, si kwa muuzaji wa dawa mwenye kundi la WhatsApp.

Kuibiwa akaunti na kukatika kwa mtandao

Akaunti nyingi huibiwa kwa njia moja. Anakupigia mtu mwenye sauti ya adabu, anajitambulisha kuwa wa kampuni ya simu au msimamizi wa kundi, anaomba tarakimu 6 “zilizokufikia kwa makosa”. Ukimtajia, WhatsApp yako inahamia kwake, na ndani ya saa moja wateja wako wanaombwa hela kwa jina lako. Hakuna mtu anayestahili tarakimu hizo. Ujumbe wa aina ya “ile pesa tuma kwenye namba hii” upeleke 15040. Namba na picha za wateja usizigawe wala kuziuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda, na kuzitapanya kutakuharibia jina mapema kuliko kutakavyokufikisha kwenye sheria.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar upande wa Somanga. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikakatika na mtandao ukasuasua nchi nzima. Muuzaji ambaye wateja wake wote wako ndani ya programu moja hakuwa na namna ya kuwaambia mzigo uko wapi. Kwa hiyo daftari lile lililotajwa mwanzo lijazwe kila jioni, kwa kalamu: tarehe, jina, namba ya simu, alichonunua, alicholipa, alikotoka (Facebook, TikTok, rafiki), na alikoagiza kutumiwa. Mtandao ukizima, unapiga simu ya kawaida au unatuma ujumbe mfupi. Na mwisho wa mwezi, ile safu ya “alikotoka” ihesabu. Mtandao ambao haujaleta mteja hata mmoja kwa miezi mitatu, uache, na muda wake uupeleke kule kunakoleta.